Shikamoo Kwenye Kompyuta

Mkunya, Jumanne usiku

Mpaka sasa sijatulia. Tangu tutoke Masasi nawaza jambo lile lile.

Nilimpeleka Bibi kwa daktari wa macho. La kulia halioni tena, na la kushoto daktari hakuahidi kitu. Naogopa.

Kabla ya gari la kurudi nilimpitisha intaneti kafe, maana Jumanne ndiyo siku unapotoka ukurasa mpya wa katuni ninayoifuata mtandaoni, na sijawahi kuukosa. Mtandao ulikuwa mzito, ukaniudhi sana. Picha ilishuka kidogo kidogo kutoka juu: kilemba, paji la uso, mashavu yenye chale za nembo za Kimakonde, kisha mdomo wa juu uliotobolewa na kutiwa ndonya ya mti. Mchoraji simjui. Sijui hata vikongwe wetu aliwaona wapi.

Bibi alisogeza uso mpaka akakaribia kugusa kioo. Akateremsha kanga, yeye ambaye mbele ya wageni huzifunika nembo zake siku zote. Akasema taratibu, "Shikamoo, mama."

Akangoja.

"Ni picha, Bibi," nikamwambia.

"Najua ni picha. Lakini salamu nimeshaitoa."

Waliokuwa wakicheka kwenye kompyuta za jirani wakageuka kututazama. Nilitaka kuitikia mimi, kwa niaba ya yule mama, lakini mimi ni mjukuu. Nikawatazama wengine, mmoja mmoja.

Chumba kizima hakikuwa na mtu mwenye umri wa kumwambia Bibi marahaba.