Kochi la Baba

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu baadaye, kwanza cheka. Jumamosi nililivamia kochi la baba. Nilivua foronya zote, nikasugua sponji kwa povu na siki mpaka mabega yakaniuma, lakini harufu ya mkojo ikagoma kutoka. Unajua tulivyokuwa tukinong'onezana kwenye simu kuhusu harufu hiyo. Naye mzee alishatusoma: siku za karibuni alikuwa anakula chumbani peke yake, eti sebuleni kuna baridi.

Basi shemeji yako akanisaidia kulipindua. Kitambaa cha chini kimechanika, na ndani paka wa jirani ametulia na wanawe, anatutazama kama sisi ndio wapangaji!

Nilicheka, halafu nikalia. Baba akachungulia mlangoni, akasema, "Kumbe mwenye kesi ni huyu."

Nimefua, nimeanika, kochi linanukia. Jana alikaa pembeni pake palepale, akaagiza chai.

Na zile nepi za wazee ulizotuma kwa siri? Kumbe alishaziona kabatini. Amemtandikia paka nepi hizo kwenye boksi, kwa mikono yake mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ninayenuka siki