Shukrani Aliyonyimwa Bi Mabruka

Mjini Ibra

Kaka Hamdun,

Shikamoo. Naitoa kwa kuwa wewe mkubwa wangu, si kwa kuwa nimeridhika nawe. Mama hajambo, na tende za mwaka huu ni tamu.

Juzi, kwenye karamu ya binti yako Lamees ya kumaliza skuli, uliwashukuru walimu, mashekhe, hata waliotukodisha viti. Jirani yetu Bi Mabruka hukumtaja. Mamake Lamees alipokufa, mtoto wa miaka kumi na nne aliacha kula na kusema. Wewe ulikimbilia kazi yako mjini Sur. Bi Mabruka ndiye aliyekuja kila alasiri, akamlisha kwa mkono wake, akamsemesha mpaka akajibu.

Lamees aliposimama akasema, "Baba, umemsahau aliyenilea," ulimkemea mbele za watu: "Kaa kitako, usinitie aibu!"

Aibu gani, kaka? Bi Mabruka aliinuka akaenda zake, chakula hajakigusa.

Binti yako kahamia kwake. Usinitume kumbembeleza, sendi. Gari unayo na njia unaijua. Njoo umshukuru yule mama kwa mdomo wako, mwanao akisikia.

Nduguyo,
Basma