Kamera ya Pili

Usagara, Tanga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze huko Songea? Mama ananiambia sasa unakwenda kanisani bila fimbo, lakini mama hupenda kunipa habari nzuri tu, kwa hiyo nakuuliza mwenyewe. Mimi ni mzima wa mwili. Utulivu ndio sina. Wiki ya pili hii nakaa, nainuka, nafungua begi la kamera, nalifunga, natembea hadi ufukweni Raskazone na kurudi bila kupiga picha hata moja. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu tulishindwa.

Nilikupigia kukwambia natafuta kamera ndogo ya kubeba pamoja na ile kubwa uliyonipa ulipofunga studio. Ukauliza, "Niliyokupa imeharibika?" Nikasema hapana baba, ni nzima. "Basi piga nayo," ukasema, ukampa mama simu. Mama alinieleza habari za mahindi na sikusikia hata neno. Siku ile hukunipa nafasi, sasa ngoja nikueleze yaliyotokea.

Nilipata kazi ya harusi hapa mtaani. Walitaka mpiga picha mwanamke, aingie chumba cha ndani ambako bibi harusi anapambwa. Niliingia na kamera kubwa. Kina mama waliokuwa wakicheka wakanyamaza, wakajitanda vizuri, wakakaa kama wanaopigwa picha za pasipoti. Bibi yake bibi harusi, anaitwa Bi Rukia, akavuta mtandio mpaka puani. Akasema, "Mwanangu, hilo dubwana lako lisinisogelee. Nenda kawapige wanaume huko nje."

Nilitoka nikasimama ukumbini, nisijue nitawapa nini wenye harusi. Mwanahamisi, mpambaji tuliyekuja naye, akanifuata na kamera yake ndogo anayopigia picha za nywele na hina. Inaenea kiganjani. Akaniambia, "Chukua hii, uketi chini kama mgeni."

Nikaketi mkekani. Haina mlio, na flashi niliizima. Baada ya muda hakuna aliyenikumbuka. Bi Rukia alikuwa anamfukizia udi mjukuu wake chini ya kanga, moshi ukamwingia binti machoni, wote wawili wakacheka mpaka mtandio wa bibi ukaanguka. Hapo ndipo nilipobonyeza. Sikumficha, baba. Nilisogea nikamwonyesha, nikamwambia akitaka nifute nitafuta mbele yake. Akaishika kamera, akaitazama kwa muda mrefu. "Meno yenyewe mbona yamebaki machache hivi?" akasema. Kisha akanirudishia. "Iache."

Picha za kutwa nzima za kamera kubwa ni safi, kila ukosi unaonekana, kila ua. Lakini familia ile wakija kuziangalia huishia kwenye ile moja ya moshi.

Mwanahamisi alichukua kamera yake, na mimi nikaanza kuzunguka madukani. Mwenye duka moja aliniwekea mbili kaunta. Ya kwanza inavuta mbali sana, ungesimama huku ukahesabu madirisha ya nyumba ya ng'ambo. Ya pili haivuti kabisa, lakini ina tundu la kuchungulia, inawaka upesi, na kwenye kiza cha dukani ilitoa picha bila flashi wakati ile ya kwanza ilitoa ukungu. Nilikwenda mara nne. Kuna watafiti huwa wananiita niende msitu wa Amani kupiga picha za ndege, nikawa najiambia inayovuta mbali ndiyo itakayonifaa. Nikifika nyumbani nageuka: kwa ndege ninayo ile lenzi ndefu uliyonipa na kamera kubwa, na haijawahi kuniangusha. Ninayemkosa ni mtu aliye karibu nami hatua mbili. Kesho yake nageuka tena. Mara ya nne mwenye duka akaniuliza, "Dada, unanunua au unazitembelea?"

Najua unachofikiri. Ulifunga studio kwa sababu kila mtu alipata kitu kidogo mfukoni, akaona hakuhitaji tena mpiga picha. Sasa mwanao naye anakwambia habari ya kitu kidogo. Lakini hii si simu, baba, na siachi yako. Bado kila ninachopima kwa jicho nimefundishwa na wewe, pale kwenye benchi la studio.

Barua hii nimeiandika kana kwamba bado sijaamua, na huo si ukweli. Nimeshainunua. Ni ile yenye tundu, isiyovuta. Ipo hapa mezani siku ya nne, nami sijaitia hata betri, kwa sababu sijakwambia.

Nisalimie mama, na mwambie mahindi nitayauliza upya. Msalimie shangazi wa Peramiho, dada yangu Rehema na wanawe, na katekista jirani yetu aliyenisomea sala siku niliyosafiri.

Baba, kama umekasirika, nipigie uniambie umekasirika, na useme mpaka umalize. Ila usimpe mama simu.

Mwanao,
Benadeta