Mtoto wa krua moja

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, blauzi ya kazi haijakauka, na mi nimechoka. Wallahi nimechoka.

Hapa Bujumbura watu wanaipima malaria kwa krua, zile alama za kujumlisha tunazoandika maabara kuonyesha wingi wa wadudu. Ukiwa na krua tatu, majirani wanakuja kukulilia. Ukiwa na moja, unaambiwa meza dawa ulale.

Leo mama mmoja wa Kanyosha alimleta mtoto wake, Désiré. Nikasoma kioo: krua moja. Mama akapiga makofi. "Mungu asifiwe! Moja tu! Basi mi narudi, barabara itafungwa kwa hii vita."

Lakini lile tone la damu lilikuwa limetambaa kwenye kioo kama maji yaliyooshewa nyama. Nikapima hemoglobini, nguvu ya damu: gramu nne, hata nusu ya inayotakiwa haifiki. Sukari nayo chini.

Nikamueleza: mama, wadudu wengine wanajificha ndani kwenye mishipa midogo, kioo hakiwaoni. Krua moja haikusaidii kitu kama damu imekwisha. Mtoto akirudi nyumbani hivi, atakufa.

Akanitazama kama mimi ndiye niliyeinyonya hiyo damu. Hasira zikanipanda, niseme kweli. Nusura nimfokee.

Ndipo akasema, sauti chini: "Nimeacha wengine wawili kwa nyumba. Wako peke yao. Masasi ikianza kulia, nani atawashika?"



Na katika vita hii, nani ana jibu la hilo?

Akamlaza Désiré mapajani mwangu. "Dada, umuangalie." Akakaza kitenge, akakimbia na mvua ile ile kutafuta gari ya mwisho. Sikumzuia.

Muuguzi akampa mtoto sukari kwenye mshipa, mfuko wa damu ukapatikana, tukautundika. Zamu yangu iliisha zamani, bado nimekaa naye hapa, mguu umekufa ganzi. Midomo yake ilikuwa nyeupe kabisa. Sasa inaanza kurudi rangi.

Jioni hii amefungua macho, akaomba uji. Yoo, nimelia mimi, mtu mzima!

Upande wa Kanyosha milio ya masasi imeanza. Uji umekwisha, na Désiré anauliza mama yuko wapi.

Nimwambie nini?