Kusali Macho Wazi

Jumatatu, 2 Juni 1969. Bwera

Sindano tena. Tako la kushoto, maana la kulia limeshakuwa gumu. Musawo, mganga wa zahanati, aliuliza kama kila siku, bila kuinua macho: "Mama Katungu, uko muzima?" Nikasema mzima.

Mzima gani. Tangu wiki iliyopita ardhi haitulii. Si homa, homa naijua. Si njaa, nilikula bugali na sombe ya majani ya muhogo nikashiba. Nikigeuza kichwa, nyumba inachelewa kugeuka, halafu inakuja yote kwa mpigo. Nikitembea, migomba inarukaruka. Nikisimama inaendelea kidogo, kisha inakaa.

Lakini kikohozi kimekwisha. Gauni la bluu limeanza kunibana kiunoni. Sindano inafanya kazi yake. Haya mengine yatapita.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeanguka nikivaa. Gauni lilikuwa kichwani, macho yamefunikwa, mara nikajikuta sakafuni na mkono mmoja ndani ya shingo ya gauni. Kambale aliacha cherehani barazani akaja mbio. Mume wangu akishona hasikii hata mvua, lakini kishindo hicho alikisikia. Nikamwambia nimekanyaga sabuni. Akatazama sakafu. Hapakuwa na sabuni. Akarudi kwenye cherehani.

Nachukia kudanganya. Kuulizwaulizwa nakuchukia zaidi.

Sababu ya kunyamaza ninayo. Nilipolazwa Kasese kwa kifua kikuu, kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa Mahango. Alilalamika kwamba kichwa kinamzunguka na masikio yanalia. Kesho yake daktari akamfutia sindano, akampa unga mchungu wa kukoroga kwenye maji. Sote tulikuwa na hakika moja: sindano ndiyo dawa, vidonge na unga ni mboga tu. Ukinyimwa sindano, wamekukatia tamaa. Tulimpelekea ndizi zetu zote, yule mama, tukamtazama akila, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwa nini.

Na dada yangu Masika alikufa Butembo kwa kifua hikihiki. Alitema damu kwenye bakuli la kunawia. Yeye hakupata hata sindano moja. Mimi nitazipata zote, hata nikizipokea nimelala chini.

Jumapili, 8 Juni

Aibu. Sijui nitapita wapi wiki hii.

Tulisimama kwa Baba Yetu. Nikafumba macho, kama nilivyofundishwa na masista tangu utoto. Sikufika kwenye mkate wetu. Nilimwangukia mke wa katekista, tukaenda chini wote wawili, yeye na kilemba chake kipya, mimi juu yake. Watu waliimeza sala nusu. Mwanamume mmoja nyuma akasema wazi: "Ni tonto ya jana hiyo."

Tonto! Mimi ambaye pombe ya ndizi naijua kwa harufu tu, na harufu yenyewe siipendi. Mke wa katekista alinisamehe kwa mdomo. Macho yake yalikuwa yananusa.

Jumanne, 10 Juni

Siwezi kukaa. Nikikaa nataka kutembea, nikitembea nataka kushika ukuta. Nimefagia uwanja mara nyingi mno leo, kwa sababu ufagio ni kitu cha kushikilia. Kambale anatazama. Haulizi. Bora angeuliza, nimkasirikie nitulie.

Sikio la kulia limeanza kulia kama mbu. Napiga hewa, mbu hayupo.

Nimetoa ngata yangu, ile ya majani ya migomba niliyoisokota mwenyewe, nikaiweka kichwani, nikaweka sufuria la maji juu yake. Miaka yote hii tangu tukimbie Kongo nabeba mafurushi ya vitenge kichwani, kutoka mpakani hadi soko la Kyarumba, mikono mitupu, na njiani nafuma vitambaa kwa sindano ya uzi. Watu wa Kyarumba waliniita Mama Mikono Mitupu. Wanawake wa mlimani wanabeba mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, wameinama, na mama yangu alibeba hivyohivyo. Niliwacheka. Niliona ni mzigo wa watu wasiojua kusimama.

Nilipiga hatua chache tu. Sufuria likaenda. Nimelowa mpaka miguuni na nimelia kwa hasira.

Ijumaa, 13 Juni

Kwenye foleni ya sindano leo alikuwepo tena mke wa konstebo mmoja wa mpakani, mwanamke mrefu wa kaskazini. Anaitwa Mama Akello. Anajifunika kanga hadi puani, anakuja wa mwisho, anaondoka kwa mlango wa nyuma. Kule kambi ya polisi hawajui anaumwa nini, nadhani. Sisi wa foleni hatusemi. Nikamsalimu. Akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama mtu aliyebeba mayai.

Halafu nikakutana na mumewe.

Nilikwenda mpakani kuchukua vitenge. Karibu na daraja njia ilikuwa inacheza vibaya, nikayumba mpaka katikati ya barabara. Akapuliza filimbi. "Wee mama! Simama! Umekunywa?" Nikasema, "Hapana, afande, mimi mugonjwa." "Mugonjwa ya chupa! Tembea hapa, kwa hii laini, nione." Akanionyesha ukingo wa barabara. Wapagazi wakasimama kutazama. Nilitembea kama kuku aliyefungwa mguu. Walicheka hadi mmoja akaweka mzigo chini. Konstebo naye akacheka, kisha akaniachia. "Nenda kulala. Na jua kali hivi!"

Sikulala. Nilizunguka nyumba hadi jioni. Ningekuwa nimelewa kweli ningemrushia kiatu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimegundua kitu. Ni macho. Nikikazia macho kitu kimoja kilicho mbali, paa la kanisa au mkaratusi wa padri, naweza kutembea kama mtu. Jua likizama, basi. Gizani miguu yangu haijui iko wapi. Jioni hii nilikwenda chooni nikishika ukuta, kisha ua, kisha mgomba, kisha hewa.

Kuoga nako ni vita. Sabuni ikiingia machoni nafumba, nikifumba naanguka. Naosha uso nusu nusu, jicho moja likiwa zamu.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda misa. Nimemwambia Kambale tumbo. Alikwenda peke yake. Nilikaa kizingitini nikajaribu kusali nimefumba macho, nikiwa nimekaa. Hata hapo nilihisi ninamwagika upande. Nikaacha. Sijui kusali macho wazi. Nikiyafumbua naona kuku, naona vyombo, naona kazi.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda Kyarumba. Nimekosea.

Kambale alinikataza kwa macho, nikajifanya sioni. Kupanda si kubaya, maana unatazama juu, mlima uko mbele yako hauondoki. Niliuza vitenge vitatu. Wakati wa kushuka niliweka furushi kichwani, maana watu walikuwa wananitazama na mimi ni Mama Mikono Mitupu. Pale njia inapokata kona juu ya kijito, mtu akaniita nyuma. Nikageuza kichwa. Tu. Kugeuza kichwa tu.

Mlima wote uligeuka. Furushi likatangulia. Mimi nilishika majani ya porini kwa mikono yote miwili, tumbo chini, miguu ikitafuta pa kukanyaga na kukosa. Chini kuna mawe. Niliyaona vizuri sana, yalikuwa yanapanda na kushuka. Nilidhani nakufa, na nilichokiwaza ni upuuzi: kwamba nimevumilia sindano zote zile bure.

Wanawake wawili waliokuwa wamebeba kahawa walinivuta kwa nguo. Mmoja alishuka kijitoni akayaokota matope yangu, vitenge vya maua vyote vimekuwa rangi moja. Akayafunga mgongoni mwake juu ya kahawa yake, akaweka mkanda kwenye paji la uso, akashuka nayo hadi barabarani kama si kitu. Mimi nilishuka kwa makalio. Kweli. Kwa makalio, kipande kirefu cha ile njia, mtu mzima.

Kambale aliyaona matope. Alizima taa ya uso wake. Akasema, "Katungu, unataka mi nishone nguo yako ya kuzikwa? Sema leo. Kama hausemi, kesho mi mwenyewe naenda kwa docteur."

Nikasema yote. Sindano, sabuni ambayo haikuwepo, mama wa Mahango. Nikamwambia: wataninyima sindano na nitakufa kama Masika. Akasema, "Na hapa uko nafanya nini?"

Jumatatu, 23 Juni. Kasese

Basi la asubuhi. Nilitapika dirishani hadi Kasese, nikikazia macho milima.

Daktari ni kijana wa Kampala. Anasema Kiingereza, nesi anatafsiri. Akanisimamisha, miguu pamoja, akasema nifumbe macho. Nesi alinidaka. Akachora mstari sakafuni kwa chaki, akasema nitembee juu yake. Nilicheka. Nikamwambia mtihani huu nimeshaufanya barabarani na nikashindwa. Nesi hakutafsiri.

Akagonga chuma chenye meno mawili, akakisogeza sikioni. Nikakisikia. Akashusha pumzi.

Akauliza tatizo lilianza lini. Nikamwambia. Akasema maneno marefu, akitazama meza. Nesi akayafupisha: "Anasema ungekuja mapema, mama." Nilijua ni marefu kuliko hayo.

Ndani ya sikio, anasema, kuna kitu kinachomshika mtu asimame wima. Sindano ile inaua vijidudu vya kifua, na kwa watu wengine inakila kitu hicho. Ikiendelea, inakula na kusikia. Amezifuta sindano. Nitapewa vidonge na unga mchungu. Nikauliza: kile kilicholiwa kitarudi? Nesi akauliza, akarudi na jibu: huenda kidogo, huenda kisirudi, macho na miguu vitajifunza kazi hiyo.

Nilitoka na pakiti za unga kwenye kikapu. Ndani ya kichwa nilikuwa naona bakuli la Masika. Nilikaa kwenye ngazi. Sikuogopa mlimani kama nilivyoogopa pale.

Kisha nikasikia jina langu. Mwanamke mnene, kikapu cha maharage, meno yote nje. Sikumjua. "Mimi ile jirani yako ya kitanda! Ya Mahango!" Amekuja kuonwa na daktari, amemaliza dawa, kifua kimepona. Anatembea na fimbo, bado anayumba akigeuka, lakini yuko hai na ana mashavu. Akacheka hadi akanishika bega. "Ile ndizi yenu ya kuzika mimi, nilikula yote! Nilijua munafikiri nini. Nikanyamaza, nikakula."

Nimecheka naye, halafu nimelia, halafu nimecheka. Watu walipita mbali na sisi. Walevi wawili mchana kweupe.

Jumanne, 24 Juni. Bwera

Unga ni mchungu kuliko nyongo. Nimeunywa wote. Nimekwangua bilauri.

Ijumaa, 4 Julai

Tako linapumzika. Ardhi haipumziki. Nilitegemea kuacha sindano Jumatatu na kusimama wima Jumanne. Mjinga mimi.

Nina hasira na kila kitu. Na daktari wa Kasese, na musawo asiyeinua macho, na mimi mwenyewe niliyemjibu mzima, mzima, kila asubuhi. Angeuliza mara moja tu akinitazama, labda ningesema. Labda nisingesema.

Kambale ameshona kitu. Turubai la kijani, kona zimetiwa ngozi, na mkanda mpana uliojazwa pamba katikati, mahali pa paji la uso. Hakusema ni cha nani. Alikitundika msumarini, karibu na ngata. Sikukigusa.

Jumatano, 16 Julai

Nimekigusa.

Mzigo ukiwa mgongoni unaniinamisha, na nikiinama naona miguu yangu, na nikiiona miguu yangu haipotei. Na fimbo mkononi. Nilikwenda hadi sokoni nikarudi. Sikuanguka. Wauza nyanya walinitazama. Mmoja akauliza, "Mama Mikono Mitupu, mikono iko wapi?" Nikamwambia imepata kazi.

Mama yangu angecheka sana. Nimemkumbuka kwa ghafla, njiani, na fimbo mkononi.

Jumapili, 17 Agosti

Leo misa. Nilikaa ukingoni mwa benchi, pa kushika.

Baba Yetu. Wote wakasimama, wote wakafumba macho. Mimi nikakazia macho ufa mmoja ukutani nyuma ya altare, mikono kwenye benchi la mbele, nikasali. Naweza sasa. Kuku hawamo kanisani, hilo linasaidia. Nilifika kwenye mkate wetu, nikapita.

Halafu nikageuza macho tu, si kichwa. Kanisa zima kope chini. Na upande wa pili, ukingoni kama mimi, Mama Akello, kanga hadi puani. Macho yake wazi kabisa. Alikuwa anautazama ufa uleule. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania benchi hadi vimepauka.

Nilimngoja mlangoni. Nikamuuliza tangu lini. Akatikisa kichwa, akayumba, nikamshika. Akasema chini chini, "Usiseme kwa musawo. Watanikataza sindano, nitakufa." Nikamwambia habari za mama wa Mahango na ndizi zetu. Nilimwambia na mashavu ya yule mama. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaishusha kanga puani.

Tulishuka ngazi tumeshikana, polepole, tukiyumba wote wawili. Konstebo alikuwa chini anamsubiri mkewe. Alitutazama ngazi zote. Hakupuliza filimbi. Alivua kofia, akapanda, akamshika mkono wa pili.

Kesho asubuhi tunakwenda zahanati, yeye na mimi. Nitasimama hapo hadi musawo ainue macho.