Pasheni Baada ya Moto

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu amerudi kazini kanuna. Hata viatu hakuvua, kakaa hivyo hivyo. Mkuu wa jiko pale hotelini anatafuta mtu wa kusimamia meza ya keki. Wako watatu wanaoitaka, na yeye mmoja wao. Jumamosi saa tatu na nusu kila mmoja atapika tati ya limau mbele yake, ile ya zamani ya vitabuni, ila aigeuze iwe na ladha ya nchi za joto. Mmoja atapanda. Wawili watabaki kumenya.

Tati ni pai isiyo na kifuniko. Naijua vizuri. Nimeipika miaka kumi na tisa kwenye majiko ya watu, limau zao nimekamua mpaka vidole vikachubuka. Huyu amesomea upishi chuoni kwa vidole hivi.

Nikamwambia, mwanangu, toa limau, tia pasheni. Na penye krimu tia tui zito, lile la kwanza.

Akacheka. Mama, hiyo tati au mchuzi?

Halafu akatafuta kalamu. Namjua. Kashakubali.

Jumanne, 4 Juni

Tumepika asubuhi, kabla hajaenda zamu. Raha kweli. Siku nyingi hatujasimama pamoja jikoni, huwa ananiambia nipumzike, kumbe nipumzike ni kama kusema nitoke.

Ganda tumelifanya la siagi baridi. Alilifunika karatasi akamwaga maharage makavu juu yake, likaingia oveni hivyo. Nikamuuliza, leo tunakula maharage ya kuoka? Ni ya kulikandamiza lisifure, Mama. Mimi kwa watu nilikuwa nalitoboa kwa uma tu. Halikufura hata siku moja.

Kisha viini sita, sukari, tui. Moto mdogo. Unakoroga mpaka mwiko ushike rangi, ukipitisha kidole njia ibaki. Yeye anaandika kwenye daftari lake, kila kitu kwa gramu. Mimi napima kwa kikombe changu kilichokatika mkono, basi kila nikimimina ananinyang'anya anapeleka kwenye mizani. Tumecheka!

Simu yake ikalia, akaenda barazani kuipokea. Nikazima gesi, sufuria ikatulia. Nikatia pasheni. Aliporudi akaona imeshaingia, akaandika.

Tati imetoka ya manjano, inang'aa, mbegu nyeusi kidogo juu. Alionja akafumba macho. Akanikumbatia na unga wangu wote. Kaondoka na nusu nzima akawaonjeshe wenzake.

Ameacha daftari mezani. Nimelisoma polepole, kwa kidole. Kaandika: tui na viini motoni, tia pasheni, koroga mpaka iwe nzito. Sivyo. Pasheni ikikuta moto, tui linakatika, viini vinaganda vipande vipande. Inakuwa kama maziwa yaliyoharibika. Unazima kwanza, unasubiri sufuria itulie, ndipo pasheni. Nilijifunza hivyo kwa kumwaga sufuria nzima, mwaka wa pili, na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Nitamwambia kesho.

Jumatano, 5 Juni

Mama Mashuka kapanda ngazi saa nne. Huyu jirani wa chini anafua kule kule hotelini, ndiyo maana ya jina lake. Kaingia bila hodi.

Shoga, kumbe umesoma ng'ambo na hukutuambia!

Nikamwambia ng'ambo ipi, mimi nimevuka barabara tu.

Basi akanisimulia. Jana tati ilizunguka mpaka kwa wafuaji. Mkuu wa jiko akaonja mara mbili, akamuuliza binti yangu kaitoa wapi. Akajibu kaipata kwa mama yake. Mama yake alisomea upishi ng'ambo, akafundisha huko, sasa amestaafu. Mkuu wa jiko akasema angependa siku moja kuonana na mama huyo.

Mama Mashuka alicheka mpaka akashika mbavu. Sema basi na kizungu kidogo, mwalimu. Na mimi nikacheka. Ningefanyaje? Nikamkaangia mayai. Alipoondoka nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Angesema mama alipika kwa watu, ningepungukiwa nini mimi? Nauliza tu. Labda angepungukiwa yeye.

Karudi saa mbili usiku, kachoka, kalala. Sikumwambia kuhusu pasheni. Hakuniuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Sikulala vizuri. Mguu unauma.

Asubuhi kaniambia, kwa upole sana, kama mtu anayeongea na mgonjwa: Mama, wiki hii usiniletee chakula pale getini. Kwa nini? Aa, mambo ni mengi tu. Alikuwa anaangalia ndala zangu.

Nikasema sawa.

Daftari lilikuwa pale pale mezani. Ningeweza kuchukua kalamu nikasahihisha. Mstari mmoja tu. Nimelifuta makombo, nikaliacha.

Jumamosi nzima nitakuwa nyumbani. Haya. Acha mwalimu wa ng'ambo amsaidie.

Ijumaa, 7 Juni

Hasira ya mama haina mizizi. Jana nilikuwa simba, leo nimeamka nahesabu saa za kesho. Akishindwa atarudi kumenya, na anayepanda ni yule mwenzake, anayemwita binti yangu Mama Polepole mbele ya watu. Aliwahi kunililia kwa hilo jina.

Nilimsubiri. Kafika saa kumi, kashika pasheni mfuko mzima, nzuri, zimekunjamana ngozi kama inavyotakiwa. Nikamwambia kaa nikueleze jambo, kuhusu lile tui.

Mama, najua.

Sikiliza basi, ukishafika kwenye pasheni...

Mama. Nimeandika kila kitu. Mimi nimesomea hii kazi.

Sauti haikuwa kubwa. Ingekuwa kubwa ningejibu. Nilimwangalia mkono, ile alama ya kuungua aliyoipata akiwa na miaka minne, nimembeba mgongoni kwenye jiko la watu, akanyoosha mkono kwenye sufuria yangu. Hakulia sana, maana nilimziba mdomo wenye nyumba wasisikie.

Nikasema haya, Mungu akutangulie.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la mlinzi, mlango wa nyuma wa hoteli. Saa nne na dakika ishirini.

Nimempigia mara tatu, haipokelewi. Simu zao huwa wanazifungia kwenye makabati. Nikavaa viatu vya kanisani, vinanibana, nikaja.

Mlinzi wa leo hanijui, lakini ni mtu mzuri. Shikamoo nimeitikia, kanipa benchi. Nikamwambia mimi ni mama yake fulani wa keki, nina neno moja la haraka. Akainua simu ya ukutani akapiga jikoni, wakamwitia binti yangu. Akasema kuna mama yako hapa nje.

Simu ile ina sauti kubwa. Nimemsikia binti yangu kwa masikio yangu. Hapana, huyo siyo mama. Ni mama anayenisaidia kazi nyumbani. Mwambie aache ujumbe.

Mlinzi akairudisha simu taratibu. Akaanza kupekua kitabu chake cha wageni, na wageni hakuna. Kisha akasema, mama, kama una ujumbe andika, nitaupeleka mwenyewe, hapa si mbali.

Nimechana karatasi ya daftari hili. Nimeandika: Zima moto kwanza, ndipo pasheni. Maneno matano. Mwandiko wangu ni mbaya, lakini unasomeka.

Chini nikaandika: Ni mimi mama yako. Nikakata. Nikaandika: Msaidizi wako wa nyumbani. Hiyo sijakata.

Harufu ya ganda la siagi imeanza kutoka dirishani. Ina maana ganda liko oveni, na tui litakuwa linapanda motoni sasa hivi.

Mlinzi amesimama, amenyoosha mkono. Anasema lete basi, mama, muda unakwenda. Karatasi nimeikunja mara mbili, nimeishika hapa juu ya daftari, na mkono wangu wa kushoto umeikalia, bado hautaki kuinuka.