Nani Analipia Haraka

Jumatatu, 18 Juni
Sura ya tatu, mara ya nne. Mashine ya kuchapia inaruka herufi. Kazi yangu ya kumaliza chuo: ndege za abiria zinazoipita kasi ya sauti zimesimamishwa, zikirudishwa angani, zitalipa? Profesa anataka jibu liwe ndiyo. Mimi nataka diploma. Basi ndiyo.

Mama anacheka. Anasema Kalemie hii vita imetubakizia baiskeli za viraka, mimi nahangaika na kuvuka bahari kwa saa tatu. Sijali.

Jumanne, 19 Juni
Shida ya ndege hizo ni kelele. Zinatikisa madirisha ya watu, kwa hiyo nchi kavu zinakataliwa. Mafuta nayo zinakunywa mno. Nimeandika kwamba tajiri atalipa chochote ili awahi.

Papa, baba yangu, angebisha. Boti lake la abiria huenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kurudi. Akikaribia huku kwetu, anazima mashine, wanapiga kasia, ili wanajeshi wa doria wasiwasikie. Abiria wananung'unika, lakini safari ijayo wanarudi kwake. Anasema yeye hauzi haraka, anauza kufika. Maneno ya watu wa boti. Yananichosha.

Jumatano, 20 Juni
Profesa amebadilisha siku ya kutetea kazi yangu mbele ya walimu. Ijumaa hii, si wiki ijayo! Papa yuko Kigoma. Nimekimbia dukani kwenye foni, ile redio ya kuongea na ng'ambo. Nimemwambia: Papa, ni Ijumaa saa nne, fanya haraka. Amekubali. Nina furaha.

Alhamisi, 21 Juni
Hajafika. Alfajiri bunduki zimelia ziwani. Wanasema ni mbali, upande wa Kabimba. Naogopa. Gauni nimelipiga pasi mara mbili.

Ijumaa, 22 Juni
Nimetetea. Kiti cha Papa kitupu. Mwalimu mmoja aliuliza ni nani hasa atalipa zaidi kwa ajili ya saa chache tu. Nikajibu: mtu anayesubiriwa. Wakapiga makofi. Alama za juu. Sikuzisikia vizuri, nilikuwa naangalia mlango.

Jumamosi, 23 Juni
Mama Feza, abiria wa Papa, amerudi kwa miguu kutoka Kabimba. Kwanza alinivuta nyuma ya nyumba.

"Papa yako hakuzimisha mashine. Tulimuomba. Akasema, mutoto wangu anatetea kesho, tukimbie."

Doria wakasikia. Risasi ilimpata yeye peke yake. Wamemzika kulekule ufukweni.

Namchukia profesa. Najichukia zaidi.

Jumapili, 24 Juni
Matanga. Wazee wamesoma dua, ua umejaa. Mama anamuuliza kila anayeingia kwa nini safari hii Papa hakuzima mashine. Wanasema hawajui. Mama Feza ananitazama, anapokea kikombe.

Mimi, Mama bado hajaniuliza. Ninagawa chai.